Usisugue weusi wote kwenye fedha ya Baroko

Jamani wateja wetu, juzi tumeletewa sinia la fedha la mtindo wa Baroko (mtindo wa Ulaya wa karne ya 17 na 18, wenye nakshi nyingi), mwenyewe kalisugua kwa stiliwaya na dawa ya meno mpaka likawa kama kioo, alafu anatuuliza mbona maua yamefutika. Iliniuma kweli.

Yale maua hayajachorwa juu juu. Sonara analaza bamba la fedha juu ya lami, anagonga kwa nyuma hadi jani linavimba, anageuza, anarudi mbele na vitindo vidogo vidogo kuchapa mishipa ya jani, mabawa ya malaika, maganda ya konokono, na kwa vile fedha ikigongwa sana inakakamaa inabidi aipashe moto tena na tena la sivyo inapasuka. Kazi yote hiyo iko kwenye ngozi nyembamba ya juu, ndiyo hiyo unayoila na stiliwaya.

Weusi ni salfa tu ya hewani, ya mayai, ya raba. Juu ya jani utoe, ila ule uliolala kwenye mabonde ya nakshi uache, ndio kivuli chake! Vyombo hivi viliangaliwa kwa mwanga wa mishumaa, moto ukicheza na jani nalo linacheza. Ile mbinu ya kuloweka chombo kwenye maji ya moto yenye foili ya alumini na soda ya kuokea inatoa weusi mpaka mabondeni, sinia linabaki bapa halina uhai.

Na vingi havikuwa vya kulia chakula, vilipangwa ukumbini wageni waone ukubwa wa mwenye nyumba, siku ya shida vinageuka hela. Mfalme Louis XIV wa Ufaransa mwaka 1689 aliyeyusha hadi meza za fedha za kasri lake la Versailles kulipia vita, nikifikiria mikono iliyozifua nasikia uchungu mpaka leo.

Ukiona muhuri (alama ndogo iliyogongwa kwenye fedha) wa koni ya msonobari, huo ni wa mji wa Augsburg, Ujerumani, mafundi wake waliwafulia wafalme na makanisa, ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti. Usifurahi haraka lakini, karne ya 19 mafundi wa Hanau walitoa kopi nyingi zenye mihuri ya kuiga, kwa hiyo tutumie picha ya muhuri kwanza.

Sisi tunasafisha kwa mkono, pamba na unga laini wa chaki, mabonde hatugusi. Ukileta funga kwa kitambaa cha pamba, usifunge na rababendi, inaacha mstari mweusi ambao kuutoa ni kazi ya siku nzima.