Barua ya Wazi kwa Msimamizi wa Njia za Msituni: Tuandikieni Hali ya Njia Kabla Hatujapanda

Mheshimiwa Msimamizi,

Pokea salamu zangu za heshima. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili linamgusa kila anayepanda mlima wenye msitu mwishoni mwa majira ya kupukutika majani, na zaidi sisi tunaopanda na mbwa. Ombi langu ni moja: ubao ulioko mwanzo wa njia ueleze hali ya njia sehemu kwa sehemu, pamoja na tarehe ya ukaguzi wa mwisho.

Kwa sasa ubao unasema njia imefunguliwa au imefungwa, basi. Wakati wa joto hilo latosha. Majira haya ni mengine. Majani yakishaanguka, sakafu yote ya msitu inakuwa rangi moja na njia inapotea machoni. Chini yake kuna mizizi, mawe yaliyolegea na mashimo, na jani lililolowa juu ya jiwe bapa linateleza kama sabuni. Hapo mtu anabaki kutegemea alama za rangi kwenye miti, na nyingi zimefifia.

Kisha kuna urefu wa mlima wenyewe. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000. Chini kukiwa na nyuzi 5 na manyunyu, juu tayari kunaganda. Mteremko usiopata jua unaweza kuwa na barafu mchana kutwa ilhali upande wa pili watu wanavua makoti. Anayesoma neno "imefunguliwa" atayajuaje hayo?

Barafu nyingine, Mheshimiwa, inazuilika. Mifereji inayochepusha maji njiani huzibwa na majani, maji yakageuza njia kuwa mkondo wao, na usiku yakaganda papo hapo. Mafundi wakipita kuizibua majani ya mwisho yakishaanguka na kabla baridi haijakaza, mahali pengi pangepitika. Mifereji ikizibuka, matope nayo yangepungua, maana watu wakiyakwepa pembeni njia inapanuka, mizizi inakanyagwa na udongo unaondoka.

Sasa niseme juu ya mbwa, kwa kuwa hakuna anayemwandikia chochote. Wengi hudhani miguu minne inamtosha. Theluji yenye unyevu inashikamana kati ya vidole vyake na kuwa madonge magumu yanayomuumiza, na theluji iliyoganda juu inamchana nyayo. Mbwa mwenye manyoya mafupi, au mzee, akilowa kwenye kijito anapoteza joto upesi. Akitetemeka bado anapambana. Akiacha kutetemeka huku amelegea, hali imekuwa mbaya zaidi. Na kuna ngazi za chuma na miamba ya kukwea kwa mikono: mtu anapita, mbwa hapiti. Kumgeuza mbwa aliyechoka juu ya mwamba wenye barafu, jua likiwa linazama, ni hatari kwa wote wawili. Mstari mmoja tu kwenye ubao, "mbwa hawezi kupita baada ya daraja la pili", ungemwondolea mtu hatari hiyo akiwa bado chini.

Kuhusu kamba ya mbwa, wenzangu wengine hatukubaliani, lakini mimi naunga mkono ifungwe majira haya yote. Majani yanaficha kingo za magenge, na katika misitu mingi huu ndio msimu wa uwindaji. Tarehe za uwindaji na sehemu zake ziandikwe kwa herufi kubwa, na watu wahimizwe kuvaa rangi ya chungwa kali, mbwa naye avalishwe. Kupe wanaoeneza ugonjwa wa bakteria uitwao Lyme nao watajwe. Asubuhi moja ya baridi haiwamalizi. Siku ikipata joto kidogo wanarudi kwenye nyasi na vichaka, na mbwa anawabeba hadi nyumbani.

Najua utaniambia watumishi ni wachache na hali ya mlima hubadilika kila siku. Ni kweli, na ndiyo maana nasisitiza tarehe. Taarifa ya siku tatu zilizopita bado ina faida ikiwa najua ni ya siku tatu zilizopita: naikumbuka mvua ya jana, naiangalia baridi ya usiku, napima mwenyewe. Isiyo na tarehe hainipi pa kuanzia. Wapandaji wanaoshuka wanaweza kusaidia. Wekeni daftari chini ya ubao, waandike walichokuta na saa waliyokikuta, nanyi mhakiki mkipata nafasi.

Muda wa safari ulioandikwa kwenye vibao nao uangaliwe. Mtu anayekanyaga majani yaliyolowa na barafu hatembei kwa mwendo wa njia kavu, mchana umefupika, na ndani ya msitu giza linaingia kabla ya machweo. Andikeni saa ambayo mtu anapaswa kugeuka hata kama hajafika kileleni, na mkumbushe kila mmoja abebe tochi.

Naomba kazi hii ianze kabla ya sakitu ya kwanza, yaani umande ulioganda. Naomba pia unijibu hadharani, kama nilivyokuandikia, ili wapandaji wengine wajue mwaka huu watarajie nini.

Wako kwa heshima,
Mpanda mlima mwenye mbwa