Kuhusu masikio ya mzee

Zuu mambo, voisi zako zote nimezisikiliza, pole shosti, ila hapo unaposema mzee anajifanya hasikii hapo nakukatalia. Mzee kakaa kwenye mashine ya kusaga tangu sisi wadogo na lile dude likiwaka mtu hata ukimwita uko pembeni yake hakusikii. Kelele za desibeli 85 (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti) mwisho ni masaa nane kwa siku, zikipanda desibeli 3 tu masaa yanakatwa nusu, sasa yeye alikua anashinda mule bila kuziba chochote. Ndani kabisa ya sikio kuna vijinywele ndo vinapokea sauti na vikishakufa havioti tena.

Afu vinaanza kufa vile vya sauti nyembamba. Ndo maana bodaboda anaisikia, ngoma ya harusi anaisikia, ila ukisema fika yeye anapata shika au pika, yaani zile i na a zinamfikia vizuri ila f na s na sh zinapotelea njiani, kwahiyo anajua unaongea hajui unasema nini! Na sauti zetu wanawake na za watoto ndo nyembamba zaidi, kwahiyo akielewana na kaka yako wewe usione ubaguzi.

Kumpayukia ndo hakusaidii, unakuza hizo i na a tu na mzee anaona unamgombeza. Zima redio, kaa mbele yake kwenye mwanga aone mdomo, ongea taratibu. Asipopata usirudie lile lile, badala ya "fika saa sita" sema "uje mchana".

Ila kwanza mpelekeni wamchungulie masikio, inaweza kua uchafu umejaa tu na huo unatolewa. Na njiti ya kiberiti jamani hapana, namjua mama. Kama sio uchafu waombe wampime usikivu, kwa WHO sikio zima linadaka hata sauti iliyo chini ya desibeli 20, yeye akianza kusikia kwenye 35 mpaka 50 ndo upungufu wa kusikia wa kiwango cha kati, penye kelele maongezi ya kawaida yanampiga chenga. Akipewa kifaa cha kusikia mwanzoni atalalamika hata sufuria zinamkera, mvumilieni avae kila siku azoee, wengi wanakitupia kabatini mapema mno.

Afu yule kijana aliyeachiwa mashine saivi anavaa vizibo vya masikio? Muulize basi.