Kwa vijana wa kijiwe cha bodaboda, Ngamiani, Tanga

Wanangu,

Nawaandikia nikiwa na hasira, wala siifichi. Juzi nilikuwa nanunua mihogo ng'ambo ya kijiwe chenu, nikamsikia mmoja wenu akimfokea kijana aliyekuja kuomba kuegesha pikipiki: "Waja leo, waondoka leo! Rudi kwenu Kigoma!" Mkaangua kicheko. Mwingine akapiga teke kioo cha pembeni, kikapasuka. Yule kijana akaokota vipande kimoja kimoja, akavitia mfukoni, akaondoka.

Aliyefoka namjua mpaka babu yake. Babu yake katoka Kasulu, hukohuko Kigoma! Alikuja huku manamba, yaani kibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge, enzi wakoloni wanadai kodi ya fedha taslimu na kwao hakuna pa kuipata. Tangu Mjerumani Hindorf alete mkonge mwaka 1893, mashamba ya Tanga yamemeza watu: Waha, Wangoni, Wabena, Warundi, Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma. Mtu anakata majani, anaondoa mwiba wa ncha, anafunga mafungu, utomvu unamwasha mikono hadi viwikoni. Siku inaandikwa kwenye kipande, yaani kadi ya kazi, na kipande kisipotimia siku 30, mshahara hauonekani. Wengi walidhani mkataba ukiisha watarudi. Wakaoa, wakazika, wakabaki. Leo wajukuu zao ndio wenye mji, eti!

Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge. Zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, mashamba mengi yakawa pori. Watoto wa Tanga nao wakapanda mabasi kwenda Dar, wengine Uarabuni, na huko wao ndio wakuja. Hela wanazotuma kwa simu mnazipokea, tena mnazikumbushia zikichelewa.

Mtu hatoki kwao kwa kupenda vumbi la safari. Lushoto shamba la babu limegawanywa mpaka limebaki tuta la mchicha. Mwingine mvua zimemkatalia. Mwingine ndoa, shule, vita. Mwingine kasikia bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani hapa Tanga, kaja kubahatisha. Kubahatisha ni kosa?

Nanyi wenye nyumba msichekee pembeni. Mgeni hajatua begi mnamdai kodi ya miezi sita, chumba chenyewe hakina dari, halafu mnalalamika watu wanalala vibarazani. Na wakubwa wanaotangaza miradi redioni, walitegemea watu wasikie habari za ajira wakae tu vijijini?

Najua, wanangu, petroli ni ghali na abiria wa kugombania. Mnaogopa, na mna haki ya kuogopa. Ila kumfukuza mwenzenu hakuleti abiria. Mwandikeni kwenye daftari la kijiwe, alipe kiingilio kilekile mlicholipa ninyi, akae kwenye foleni. Kioo mchange mumnunulie. Ijumaa nikitoka msikitini nitapita hapo, nimuulize mwenyewe.

Babu yenu wa Ngamiani