Gari inayonuka kuungua isibadilishwe fyuzi tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme juu ya jambo ambalo sisi mafundi umeme wa gari hapa Pemba tunakutana nalo mara kwa mara, nalo ni gari kuletwa gereji waya zikiwa zimekwisha kuungua, ilhali mwenyewe anasema kuwa harufu alianza kuisikia zamani. Mwanzo alifungua vioo. Ilipozidi alipita kwa fundi wa njiani akabadilishiwa fyuzi, harufu ikatulia siku chache, na safari zikaendelea mpaka moshi ulipotokea chini ya dashibodi, pengine gari ikiwa imejaa wanafunzi wanaorudi skuli.

Si kila harufu ya kuungua ni ya umeme. Barabara zetu zina milima, na dereva anayeteremka akielekea Mkoani huku amekanyaga breki tangu juu hadi bondeni, badala ya kushusha gia, lazima breki zitanuka, na harufu hiyo huondoka zikipoa. Ikiwa inatoka kwenye tairi moja tu, hata katika njia tambarare, basi breki ya tairi hiyo inashika na haiachii. Dereva anaweza kusimama, akakaribisha mgongo wa kiganja kwenye rimu moja moja bila ya kuzigusa, na ataitambua iliyo na moto kuliko wenzake. Klachi nayo hunuka pale gari yenye magunia ya karafuu inaposhikiliwa mlimani kwa mguu wa klachi. Oili inayovuja kwenye gasketi ya juu ya injini na kudondokea eksozi hunuka kama mafuta yaliyosahauliwa jikoni, na husikika zaidi gari inaposimama. Harufu tamutamu ni ya dawa ya rejeta inayovuja, na hapo mtu asithubutu kufungua kifuniko cha rejeta wakati injini ni ya moto. Kuna hata mfuko wa plastiki ulionata kwenye eksozi, ingawa mifuko hiyo imepigwa marufuku visiwani kwetu miaka mingi. Huo humhangaisha fundi asubuhi nzima akitafuta waya iliyoungua ambayo haipo.

Harufu ya waya ni nyengine. Ni ya plastiki, inachoma pua, na mara nyingi hutangulia moshi. Hapa ndipo penye shida ninayoiandikia. Kazi ya fyuzi ni kuilinda waya, ili umeme unaopita usizidi kiwango ambacho waya inaweza kuubeba bila ya kupata moto. Ndiyo maana fyuzi za gari zimepewa rangi: nyekundu ni ampia 10 (ampia ni kipimo cha wingi wa umeme unaopita), buluu ni 15, manjano ni 20 na kijani ni 30. Fundi anayeitoa nyekundu iliyokatika na kutia kijani hajatengeneza kitu. Ameiruhusu waya nyembamba ibebe mzigo mara tatu ya ule iliopangiwa, na siku hitilafu itakapojirudia, kitakachokatika si fyuzi tena bali ni waya yenyewe, ndani ya kitambaa na plastiki za gari. Nimewahi kufungua kisanduku cha fyuzi cha gari ya abiria nikakuta pahala pa fyuzi ya taa pametiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, imekunjwa vizuri kabisa, na plastiki iliyoizunguka imevimba na kugeuka kahawia. Waya zilizokuwa nyuma yake zilikuwa zimegandana hata ukivuta moja zinakuja zote.

Sababu ya fyuzi ile kukatika ilikuwa mbele kabisa, kwenye taa zenyewe. Balbu ya kawaida ya taa kubwa ni wati 55, kwa hivyo mbili pamoja, kwa betri ya volti 12, hula ampia 9 na kitu. Mwenye gari alitaka mwangaza zaidi kwa safari za usiku za Konde, akatiwa balbu za wati 100, ambazo mbili zinakaribia ampia 17, juu ya waya zile zile na swichi ile ile. Anayetaka taa kali apewe waya nene mpya zinazotoka kwenye betri, relei yake, yaani swichi ya umeme inayobeba mzigo badala ya swichi ya dereva, na fyuzi yake, na hayo hayo yafanywe kwa spika kubwa na honi za mapambo ambazo madereva wetu wanazipenda mno.

Lipo na jambo ambalo hata baadhi ya mafundi hawalizingatii, kwamba waya inaweza kuungua na fyuzi yake ikabaki nzima. Tunaishi kisiwani, hewa ina chumvi, na gari za kubebea samaki huchuruzika maji ya chumvi kutwa nzima. Kiungo cha waya kikishaota kutu ya kijani, au soketi ikilegea, umeme hupita kwa taabu, na pale penye taabu ndipo panapozaliwa moto, ijapokuwa kiasi cha umeme hakijazidi. Kwa hivyo anayesema fyuzi ni nzima na kwa hiyo umeme hauna kosa, amekosea kupima. Aziwashe taa, aweke mita baina ya nguzo ya hasi ya betri na bodi ya gari, na akisoma zaidi ya nusu volti, basi waya ya hasi inayofungwa kwenye bodi ina kasoro na ifunguliwe isuguliwe. Vyombo vyengine viwashwe kimoja kimoja, feni ya kiyoyozi, taa, honi, mpaka harufu ionekane inafuatana na kipi. Na kabla ya kugusa waya yoyote, aanze kufungua hasi ya betri.

Kwa madereva wa gari za abiria ombi langu ni fupi. Abiria akisema pananuka, simama pembeni, zima injini, shusha watu kwanza, halafu ndipo utazame. Ukiona moshi unatoka pembezoni mwa boneti, usiifungue yote, kwa sababu hewa itauchochea moto. Na kizimamoto cha unga kikae karibu na kiti cha dereva, si chini ya mizigo ya watu nyuma.

Kwa wenye gari, gari ikitoka gereji kwa ajili ya harufu ya kuungua, mwambieni fundi awaoneshe kile kilichoungua, awaoneshe na kilichokifanya kiungue, kabla hamjalipa.

Fundi umeme wa gari,
Chake Chake, Pemba.