Kitanda changu kiliishia chini ya karai la chipsi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Tabata Kimanga, na linaloniuma ni kitanda.

Kilikuwa kitanda cha mtoto, cha mninga, kilichochongwa Keko mwaka 1994. Wanangu watatu wamelala humo, na mjukuu mmoja. Mwezi uliopita nilisafisha stoo, nikakitoa nje pamoja na viroba vya taka, nikijisemea atakayekitaka atakibeba. Kijana wa guta akakibeba kweli. Jioni napita kibandani kununua mihogo, nauona ubavu wa kitanda changu, ule wenye ua la nakshi, unasukumwa motoni chini ya karai la chipsi. Siku tisa baadaye nikaenda kumpa hongera mzazi, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mtoto kalazwa kwenye beseni lililotandikwa khanga.

Simlaumu kijana. Yeye aliokota mbao. Mimi ndiye sikuuliza, na hapa mtaani tunajua mpaka jirani kapika nini.

Nikaona nijirekebishe, nikapeleka vinguo sita vya mjukuu, vimefuliwa na kupigwa pasi. Bibi wa mtoto alivipokea kwa mikono miwili, kisha akanivuta pembeni: "Mwalimu, usichukie. Nguo za mtoto hatupokei hivi hivi, dunia imeharibika." Sikuchukia. Hofu hiyo ya kurogwa ipo, ingawa wanaotuhubiria kupunguza taka hawaigusi. Nikamuuliza tu, mbona soko la Karume unanunua mtumba wa watu usiowajua hata kwa sura? Tukacheka. Nguo nikarudi nazo.

Ndipo nikapata wazo ambalo naomba wenyeviti wa mitaa walisikie. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi. Basi asubuhi hiyo litandikwe turubai mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa, kila mwenye kitu asichokitumia akiweke, anayekihitaji achukue. Ikifika saa 4, kilichobaki kipande gari la taka kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi. Vitu vikichanganyika pale, haijulikani sufuria ilitoka kwa nani, na yule bibi atapata usingizi.

Ila tusigeuze turubai kuwa jalala. Mimi nilishapewa blenda iliyoungua, naambiwa "fundi ataigusa tu". Fundi akataka shilingi 15,000, na kuitupa nikaitupa mimi! Kitanda kimwagiwe maji ya moto kwenye maungio kabla hakijatoka kwako, maana kunguni hawahitaji nauli. Godoro lenye kunguni usimpe mtu kabisa. Na simu zikae mfukoni. Mama anayechagua ndoo hana haja ya kupigwa picha.

Nikisubiri turubai, nimetandika mkeka getini kwangu. Jumamosi iliyopita ziliondoka ndoo mbili, kabati la viatu na chandarua. Magongo ya kutembelea ya marehemu mume wangu bado yapo. Yanamfaa mtu mrefu, na mpira wa gongo la kushoto nimeubadilisha juzi.

Mwalimu mstaafu,
Tabata Kimanga, Dar es Salaam