Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya kwa mnaojitolea kuongoza jumuiya za madevelopa kanda ya ziwa

Kaka na dada mnaojitolea kuongoza jumuiya za madevelopa, yaani watengenezaji wa programu za kompyuta, hapa Mwanza, na wenzenu wa Geita, Musoma, Bukoba, hadi Kisumu ng'ambo ya mpaka: heri ya Krismasi na baraka za Mwaka Mpya. Wenzetu msiosherehekea Krismasi, salamu hizi ni zenu vilevile. Kazi tuliifanya pamoja na mapumziko ni ya wote.

Mvua za vuli zinapiga, senene wa Bukoba wameshaingia mitaani, na wanafunzi wa chuo kikuu pale Malimbe wanafunga mabegi. Ni majira ambayo jumuiya zetu hunyamaza. Kundi la WhatsApp lililokuwa na maswali usiku kucha sasa limejaa picha za pilau na sato. Liacheni lipumzike. Shughuli yoyote inayopangwa kati ya tarehe 20 Desemba na wiki ya pili ya Januari hukosa watu, na kiongozi anaanza mwaka akiwa amevunjika moyo bure. Kipindi hiki kina kazi yake, nayo ni kukabidhiana. Tutaifikia. Kwanza shukrani.

Mwanachama anayeingia ukumbini saa 4 asubuhi na kukuta projekta inawaka haoni yaliyotangulia. Haoni barua ya kuomba ukumbi iliyopelekwa wiki tatu kabla na kufuatiliwa tena kwa sababu mwenye kusaini alikuwa safarini. Haoni adapta ya HDMI kwenda VGA iliyoazimwa usiku wa Ijumaa, maana projekta nyingi za kumbi zetu ni za zamani, zenye tundu la VGA, na laptopu za sasa hazina tundu hilo. Haoni pia hesabu ya umeme. Ekstensheni ya ampea 13 kwenye umeme wa volti 230 hubeba takriban wati 3,000. Laptopu 20 zenye chaja za wati 65 hufika wati 1,300 zikichaji zote kwa pamoja, kwa hiyo ziko salama. Chomeka birika la chai la wati 2,000 kwenye waya huohuo, jumla inakuwa 3,300, na fyuzi inaweza kukatika katikati ya kipindi. Aliyelihamishia birika kwenye soketi yake ya ukutani aliokoa asubuhi nzima, na hakuna aliyempigia makofi. Tunampigia leo.

Msimu huu wa mvua unaongeza mambo mawili. Ukumbi wa bati usio na dari ukipigwa na mvua kubwa, sauti ya mtoa mada haivuki safu ya pili, hata akiwa na spika. Msishindane na bati: simamisheni mada, gaweni watu kwenye meza, endeleeni na mazoezi mpaka mvua ipungue. Na radi zikikaribia, chomoeni projekta, routa na chaja zote. Laptopu zina betri, zitamaliza saa moja au mbili bila shida.

Kuhusu bando, mnajua wenyewe. Washiriki 30, kila mmoja akishusha GB 1.2 za vifaa vya kutengenezea programu za Android, ni GB 36 kabla somo halijaanza, na hotispoti za simu nyingi hugoma vifaa vikizidi kumi hivi. Ndiyo maana flashi tatu au nne za GB 32 zilizojazwa programu hizo mapema zina faida kuliko fulana za mfadhili. Zifomatiwe kwa mpangilio wa exFAT, kwa sababu mpangilio wa zamani wa FAT32 haupokei faili linalozidi GB 4. Flashi moja ibaki mfukoni mwa kiongozi bila kuchomekwa kwenye mashine ya mtu yeyote, ili virusi vikiingia kwenye nyingine iwepo iliyo safi ya kunakili upya.

Kwa wanaofundisha Python, lugha ya kuandikia programu, pana mtego unaorudia kila mara. Kiongozi hushusha vifurushi vya Python (programu za nyongeza, si bando) nyumbani kwa amri ya pip download, anaviweka kwenye folda, na darasani washiriki wanavifunga kwa pip install --no-index --find-links bila intaneti kabisa. Utaratibu ni mzuri, lakini vifurushi vingi hutegemea aina ya mfumo endeshi na toleo la Python. Vikishushwa kwenye Linux yenye toleo moja, laptopu za Windows zenye toleo jingine zitavikataa, na ujumbe utakaotokea utasema kifurushi hakipatikani ilhali kipo mbele ya macho. Dawa ni kushushia kwenye mashine ya Windows, na kuweka kisakinishi cha toleo lilelile la Python kwenye flashi hiyohiyo. Wakati wa kusakinisha, kila mshiriki aweke tiki kwenye kisanduku cha kuongeza Python kwenye PATH, orodha ya mahali ambapo Windows hutafuta programu. Asipoweka, akiandika python, Windows humpeleka kwenye Microsoft Store, naye anadhani kompyuta yake imeharibika. Jambo dogo hili limefukuza wanaoanza wengi kuliko somo lolote gumu.

Idadi ya wakufunzi nayo tunaomba muishikilie mwaka ujao bila kulegeza. Django Girls, mpango wa kuwafundisha wanawake kuandika programu, ulioanzishwa mwaka 2014 mjini Berlin na Ola Sitarska na Ola Sendecka, huweka mkufunzi mmoja kwa washiriki watatu. Kipimo hicho kinafaa hata darasa likiwa la kitu kingine. Mkufunzi akiwa na watu saba, aliyekwama husubiri mpaka aone haya, anafunga laptopu taratibu na kuangalia simu. Hamtamwona tena. Mkiwa na wakufunzi sita, andikisheni watu 18, hata kama ukumbi una viti 80. Picha yenye viti 80 vilivyojaa humfurahisha mfadhili; watu 18 waliomaliza kitu kinachofanya kazi ndio watakaokuwa wakufunzi wa Agosti.

Na fundisheni kwa Kiswahili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, kwa hiyo kisingizio kwamba lugha haitoshi kilishaisha zamani. Kijana aliyemaliza kidato cha nne Igoma au Buzuruga anaelewa upesi kitanzi (kurudia amri) na sharti (ikiwa hivi, fanya vile) akielezwa kwa lugha anayofikiria nayo. Ujumbe wa makosa utabaki wa Kiingereza, hilo sawa: mfundisheni kuusoma. Kwenye Python aanze na mstari wa mwisho, unaotaja aina ya kosa, ndipo apande juu kutafuta faili na namba ya mstari. Wengi huanzia juu, wanakutana na njia ndefu za mafolda wasizozijua, na wanakata tamaa hapohapo.

Sasa kukabidhiana. Kina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa walishalimaliza jambo hili: sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Jumuiya zetu nyingi zina ufunguo mmoja, na ufunguo huo ni simu ya kiongozi. Barua pepe ya jumuiya ilifunguliwa kwa namba yake. Uhakiki wa hatua mbili unatuma tarakimu kwenye laini yake. Siku akipata kazi Dodoma akabadilisha laini, au simu ikadondoka ziwani, kila kitu kinafungwa kwa pamoja. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba hupewa mtu mwingine, kwa hiyo hata kuirudisha baadaye si jambo la kutegemea. Kazi ya miaka inapotea pasipo mtu kukosea kwa makusudi.

Chukueni nusu siku moja kabla ya mwaka kwisha, watu watatu mezani, na mpitie haya. Barua pepe ya jumuiya iwe ya jumuiya, isiwe ya mtu. Misimbo ya dharura ya kuingilia akaunti ichapishwe kwenye karatasi na nakala zikae kwa wawili. Akaunti ya jumuiya kwenye GitHub, ghala la mtandaoni la kutunzia programu, iwe na wamiliki wasiopungua wawili, watatu ni bora, na wote waingie mbele yenu siku hiyohiyo ili ithibitike kwamba nywila zinafanya kazi. Kama mna kikoa (jina la tovuti) kinachoishia na .tz, angalieni ada ya mwaka inaisha lini na kimeandikishwa kwa jina la nani. Kikipita muda bila kulipiwa, tovuti inazimika na barua pepe za kikoa hicho nazo zinakufa. Kundi la WhatsApp liwe na maadmini watatu mliowachagua, maana admini pekee akitoka, WhatsApp hujichagulia mwanachama mwingine bila kuwauliza. Kisha andikeni ukurasa mmoja, haihitajiki zaidi: nani wa kumwona kwa ukumbi upi, barua ilivyoandikwa safari iliyopita, vifaa vilivyopo na viko kwa nani, salio la fedha. Mtu mpya akiusoma ukurasa huo aweze kuandaa mkutano wa Februari bila kumpigia simu mtangulizi wake.

Daftari la mahudhurio linahitaji uangalifu wa peke yake. Lina majina na namba za simu za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haituachii kulichukulia kama karatasi ya kawaida. Msipige picha ukurasa wake na kuurusha kundini kuonyesha watu walivyofurika, wala msimpe mfadhili orodha nzima kwa kuwa tu ameiomba. Mpeni idadi.

Kukabidhi hakumaanishi kuondoka. Wapo kati yenu waliochoka na wanaona aibu kusema. Dalili tunazijua: majibu mafupi kundini, kukubali mambo usiku na kuyajutia asubuhi, na Jumamosi inakuwa mzigo tangu Alhamisi. Aliyefika hapo hahitaji hotuba ya kutiwa moyo. Anahitaji kupunguziwa kazi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na hapa jembe ni kitu mahususi. Mwanachama akihudhuria mara ya tatu, apewe jukumu moja lenye jina: kushika daftari, kutunza flashi, kuandika muhtasari, kupokea wageni mlangoni. Msiseme "mtu asaidie", kwa sababu hakuna anayeitwa Mtu. Semeni "Jumamosi ijayo utafika saa 2 na nusu kufunga projekta, fulani atakuelekeza." Anayeelekeza akae pembeni, mikono nyuma, hata kama anaona mwenzake anachelewa. Tabia ya kumnyang'anya waya mwanagenzi ndiyo inayowafanya viongozi wabaki peke yao.

Fedha kwa kifupi: lipa namba ya jumuiya au akaunti yenye watia saini wawili, risiti zote kwenye bahasha moja, na mapato na matumizi yasomwe kundini kila baada ya shughuli, hata ikiwa ni Sh 15,000 za maji. Januari ni mwezi wa ada za shule. Msichangishe mtu yeyote.

Ratiba ya mwaka mpya isizidi uwezo. Mikutano sita iliyofanyika kweli ina uzito kuliko kumi na miwili iliyotangazwa. Wa kwanza uwe wiki ya mwisho ya Januari, mdogo, bila mtoa mada kutoka mbali: kila mtu alete mradi wake uliokwama, mketi wawiliwawili. Ufungwe saa 10 jioni. Saa hiyo si ya bahati nasibu. Anayerudi Kisesa au Usagara kwa daladala awe nyumbani kabla ya giza, na wasichana wengi wataendelea kuja mikutanoni wakiona wanarudi nyumbani mapema. Mkiongeza saa mbili za jioni, mtapunguza wasichana, na hakuna tangazo litakalowarudisha.

Tunajua pia kwamba kazi yenu haionekani kwenye wasifu wa kazi jinsi inavyostahili. DjangoCon Africa, mkutano wa watumiaji wa Django (zana ya Python ya kutengenezea tovuti), ulipofanyika Zanzibar Novemba 2023, watu wa bara zima walikuja kukutana kwenye ardhi yetu, na mkutano wa namna hiyo husimama juu ya mabega ya watu wa kujitolea kama ninyi. Andikeni kwenye wasifu wenu, bila haya, mikutano mliyoiandaa, watu mliowafundisha na mfumo mliouacha.

Kwa wazazi, wake na waume waliotuachia Jumamosi hizo, na waliopokea sebuleni viti, nyaya na masanduku ya vitabu: asanteni sana. Bila ruhusa yenu hakuna jumuiya.

Mnaosafiri, nendeni salama. Mabasi ya Bukoba na Musoma hujaa wiki ya Krismasi, na vyombo vya kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, vivyo hivyo. Kateni tiketi mapema, vaeni majaketi ya kuokolea, na mkikuta chombo kimejaa kupita kiasi, msipande, subirini kinachofuata. Walio zamu siku ya sikukuu, mkilinda mifumo ya hospitali, benki na mizani ya samaki wakati sisi tunakula, Mungu awalipe. Wasalimieni nyumbani.