Madirisha yale si ushirikina

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu hospitali za karne ya 19 ilisema madirisha marefu ya wodi za zamani yalitokana na ushirikina wa hewa chafu. Nimeuguza wagonjwa miaka 31, na neno hilo limenichoma.

Ni kweli, wengi wa wakati ule waliamini kwamba harufu ya uozo ndiyo inayozaa maradhi. Hapo walikosea. Lakini tazameni walichokijenga. Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza, baada ya kuona watu wakifa katika vita vya Crimea, alitaka wodi ndefu na nyembamba yenye vitanda kama 30, madirisha yatazamane pande mbili, na vitanda viwili visikose dirisha lao. Dirisha lianzie futi 2 au 3 kutoka sakafuni, lipande hadi karibu na dari. Aliyefanya kazi wodini anaelewa mara moja: hewa yenye joto inatoka kwa juu, mpya inaingia, upepo unakatiza chumba kizima. Na mgonjwa aliyelala anaona nje, jambo ambalo mama yule hakulisahau.

Hospitali ya St Thomas' ya London, iliyofunguliwa 1871, ilijengwa kwa mtindo huo: majengo ya wodi yametengana kando ya mto Thames ili upepo upite kati yake. Hata kabla yake, mwaka 1855, mhandisi Brunel alibuni hospitali ya mbao iliyopelekwa Renkioi, Uturuki, vipande vipande kwa meli, na wodi zake akazipa feni za kuzungushwa kwa mkono. Mtu asimame azungushe mpini ili wenzake wapate pumzi!

Sasa niseme langu. Katika hospitali moja nisiyoitaja, wodi ya wagonjwa wa kifua ilifungwa viyoyozi, madirisha yakapigiliwa misumari. Viyoyozi vile vilipoza hewa ileile, havikuingiza mpya. Asubuhi vioo vilikuwa vikitiririka maji ya pumzi za watu 24, nami nikivifuta kwa taulo. Tangu daktari Mjerumani Robert Koch alipokionyesha kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882 tumejua adui ni nani, na baadaye tukajua anasafiri hewani. Tulipaswa kuyafungua madirisha zaidi, siyo kuyapigilia.

Nilimsihi fundi hadi akang'oa misumari ya dirisha moja, lililokuwa jirani na kitanda cha mzee aliyekohoa usiku kucha. Naomba gazeti lirekebishe neno lile. Na mhandisi yeyote anayekarabati wodi ya zamani, kabla hajaziba dirisha, alale usiku mmoja ndani yake.

Muuguzi mstaafu